Panga Hupimwa kwa Mkono wa Mwenye Kazi

Ndugu wasomaji, tazameni Ngao ya Taifa letu. Mtaona mwenge, bendera na mkuki, tena jembe na shoka vimepishana. Panga halimo. Wala silalamiki kwa jambo hilo, maana ngao haiwezi kubeba kila chombo cha nyumbani. Lakini ukizunguka vijijini mwetu mkoani Mara, tangu Musoma mpaka Bunda na Butiama, utakuta nyumba isiyo na shoka, utakuta hata nyumba inayoazima jembe kwa jirani. Bali nyumba isiyo na panga ni adimu sana. Panga ndilo hufyeka shamba, hupunguza ua wa minyaa, hukata kuni na mabua ya mtama, huchonga vigingi vya kufungia mbuzi, hata hupasua boga jikoni.

Basi nawaulizeni swali. Panga la nyumbani kwenu lilichaguliwa na nani, na linashikwa na nani? Katika nyumba nyingi nizijuazo, baba ndiye aliyekwenda dukani. Alilishika, akalitikisa, akaona ni zito, akalipa. Tangu siku ile panga limekuwa mkononi mwa mama asubuhi, mkononi mwa kijana jioni, na mkononi mwa baba mara moja moja. Yaani lilipimwa kwa mkono mmoja, likafanyishwa kazi kwa mikono mingine. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze, maana watu huumia kwa sababu yake.

Ninaye dada, mdogo wangu wa kufuatana, naye ni mjane. Anakaa katika kijiji kimoja karibu na Butiama, analima muhogo, mtama na mahindi kidogo. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu, nyumba ya bati, mbuzi wachache na panga moja. Lilikuwa panga la mtu mwenye nguvu: zito, nene, lenye mpini mrefu wa mti. Marehemu shemeji yangu alikuwa mtu wa miraba minne, na mkononi mwake panga lile lilikwenda kama fimbo.

Baada ya kufa kwake mpini ule ulipasuka. Kijana wa kwanza wa dada, mwenye miaka 14, akachonga mpini mwingine kwa tawi bichi, akaupigilia misumari miwili, akaukaza kwa waya. Majuma ya kwanza ulikaa imara. Kisha mti ukakauka, ukasinyaa, misumari ikalegea. Siku moja kijana alikuwa akifyeka kando ya shamba, chuma kikachomoka mpinini kikampiga chini ya goti. Zahanati walimshona nyuzi saba. Hakwenda shule majuma matatu, na shamba likabaki limefyekwa nusu, na mvua za vuli ziko karibu.

Dada akanipigia simu. "Kaka," akasema, "nitafutie panga. Lakini usiniletee jingine kama lile. Mimi mkono wangu si wa marehemu, na mtoto nataka abaki na miguu yake miwili."

Maneno hayo nikayachukua kama yalivyo, yakawa ndiyo kipimo changu.

Nikaanza hapa Musoma ninakokaa. Katika duka moja la vyuma, mwenye duka, mtu mcheshi, alinishushia ukutani panga zito kuliko yote. "Mzee, chukua hili," akasema. "Hili ndilo chuma. Hayo mengine ni bati."

Nikamwomba aliweke juu ya mizani anayopimia misumari, kisha aweke na lile jepesi lililoning'inia kando yake. Yote mawili yalikuwa na bapa la inchi 18. Lile zito lilikuwa gramu 750. Lile jepesi gramu 480. Tofauti yake gramu 270, yaani kama robo kilo ya sukari na kidogo juu yake. Mwenye duka akacheka. "Robo kilo, mzee! Hata mtoto huibeba."

Ni kweli mtoto huibeba, mara moja. Lakini mtu anayefyeka hupiga kama mapigo 20 kwa dakika moja. Kwa nusu saa hayo ni mapigo 600. Sasa fanyeni hesabu: gramu 270 mara 600 ni kilo 162. Mwenye panga zito, kabla jua halijapanda, amekwisha inua kwa kiganja na kifundo cha mkono uzito unaozidi gunia moja na nusu la mahindi la kilo 100, juu ya ule anaouinua mwenziwe. Tena si kuinua tu. Panga likishuka sharti lizuiwe, lisije likafika mguuni. Kila pigo mkono hufanya kazi mara mbili. Ndiyo sababu mwisho wa kazi wataka uangalifu zaidi: mkono uliochoka hauzuii tena, huachia tu.

Je, panga jepesi halikati? Hapo ndipo wengi hudanganyika. Elimu ya nguvu yasema hivi: ukifanya chombo kuwa kizito mara mbili na mwendo wake ukabaki ule ule, nguvu ya pigo huwa mara mbili. Bali ukifanya mwendo kuwa wa haraka mara mbili na uzito ukabaki ule ule, nguvu huwa mara nne. Kwa hiyo mkono dhaifu wenye panga jepesi linalokwenda upesi waweza kushinda mkono ule ule wenye panga zito linalokokotwa. Hasa kwa nyasi. Nyasi ni laini. Ukiipiga polepole huinama, bapa likapita juu, nayo ikasimama tena nyuma yako kama inayokucheka. Nyasi yataka mwendo na makali.

Mti ni mambo mengine. Mti haukimbii pigo, hulipokea. Hapo uzito husaidia, maana uzito huendelea kusukuma baada ya makali kuingia. Tena panga jembamba likipigwa kwenye gogo gumu la mgunga huyumba, hujipinda, au hukwama kama kisu katika mkate mbichi. Hivyo panga jepesi si bora kuliko zito, wala zito si bora kuliko jepesi. Kila moja lina kazi yake na mkono wake.

Waliotengeneza mapanga kwa ajili ya dunia nzima walilijua jambo hili zamani. Kampuni ya Collins ya Connecticut, Marekani, iliyoanza mwaka 1826 kwa kutengeneza mashoka, na ikafungwa mwaka 1966, ilitengeneza mamia ya maumbo ya mapanga, kwa kuwa mkata miwa wa Kuba hakutaka chombo cha mfyeka msitu wa Brazili. Kadhalika kiwanda cha Ralph Martindale cha Birmingham, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1874 na kujulikana kwa chapa ya mamba, kilitengeneza mapanga ya namna nyingi kwa nchi nyingi. Kama wenye viwanda walitofautisha kazi na mikono, sisi tunaokwenda dukani na fedha yetu ya jasho mbona tuseme "nipe panga" tu, kama anayeomba chumvi?

Mbele ya duka lile nilijifunza kupima jambo la pili, ambalo mizani haioneshi. Ni mahali uzito ulipokaa. Mapanga mawili yaweza kuwa na gramu sawasawa, moja likawa zito mkononi na jingine likawa jepesi. Laza bapa juu ya kidole kimoja, ulisogeze mpaka panga litulie bila kuanguka huku wala huku. Mahali hapo ndipo moyo wa uzito. Moyo ukiwa karibu kabisa na mpini, panga huenda mahali popote utakapo, lakini pigo lake halina nguvu. Ukiwa mbali kuelekea ncha, pigo ni kali, lakini panga huvuta mkono mbele na kifundo huuma jioni. Kwa kazi ya kufyeka ya kila siku, mimi huridhika nikikuta moyo uko kama vidole vinne mbele ya mpini. Kwa kupasua kuni, hata ukisogea mbele zaidi haidhuru.

Nikalipia lile la gramu 480. Mwenye duka alinifungia kwa gazeti akitikisa kichwa.

Nilipotoka hapo niliteremka Mwigobero, kando ya ziwa, kununua samaki. Akina mama walikuwa wakikatakata sangara. Samaki huyu, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, huweza kuzidi kilo 100, na uti wake si mchezo. Hukatwa kwa panga au kisu kikubwa chenye uzito. Mama mmoja alikuwa na kisu cha namna hiyo chenye mpini wa plastiki. Nikamwuliza mbona asitumie mpini wa mti.

"Mti hunywa maji, baba," akanijibu. "Hunywa na damu na shombo. Kesho yake ukisuuza hausuuziki. Huu wa plastiki naupiga kwa sabuni umekwisha."

"Hautelezi?"

Akanionesha. Mpini wake ulikuwa na mikato mingi kama magamba, na kwa nyuma ulipinda kama mdomo wa ndege, ili kidole cha mwisho kishike hapo. "Ule ulionyooka ulinitoka mkononi," akasema. "Samaki ana utelezi. Mpini usiponishika, nami siwezi kuushika."

Nikaona mama yule ameeleza kwa maneno machache jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Sisi twatazama chuma, maana chuma hung'aa. Lakini chuma hugusa nyasi na samaki. Mpini ndio unaogusa mtu. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Nami naongeza kwamba lenye mpini mbaya huchanja mwenyewe aliyelishika.

Siku ya pili nilikuwa na safari ya Bunda, na huko namfahamu fundi mzee wa vyuma. Kazi yake ni ya kale katika nchi hizi za ziwa. Kabla ya bidhaa za Ulaya kujaa madukani, wahunzi wa Uzinza, kusini magharibi mwa ziwa, waliyeyusha chuma wenyewe, na majembe yao yakabebwa mpaka Usukuma na Unyamwezi. Siku hizi fundi hayeyushi mawe. Hununua springi za magari makuukuu, huzipasha moto, huzifua, hupata mapanga na visu vigumu ajabu. Chuma cha springi ni chuma kizuri, hushika makali muda mrefu. Kasoro yake ni hii tu, kwamba springi ni nene, na fundi asiyetaka kuchoka kuifua huacha panga nene na zito. Kwa kuni linafaa. Kwa nyasi litakuua.

Nikampa panga langu jipya. Akaligeuza, akaligonga mpini kwa ukucha, akalinusa hata. "Bapa zuri," akasema. "Mpini ni wa sokoni. Umepakwa vanishi ili ung'ae. Mkono ukitoka jasho utateleza kama sabuni, na mahali usipoteleza utakutoa malengelenge. Tena tazama hapa." Akanionesha vipande viwili vya mti vilivyoshika chuma: kimoja kilikuwa na ufa mwembamba unaotoka kwenye msumari. "Mti huu ulitobolewa kabla haujakauka."

Basi nikaketi kwenye gogo nikamwuliza habari za mipini yote, naye akafurahi, maana wazee hupenda kuulizwa.

Mpini wa bomba la chuma lililochomelewa alisema ni imara, haupasuki wala hauliwi na mchwa. Lakini kila pigo hupita moja kwa moja mpaka kwenye mifupa ya mkono. Juani huwaka moto. Na ule moto wa kuchomelea, ukifika kwenye bapa, hulegeza ugumu wa chuma. Mpini wa pembe ya ng'ombe hupendeza, na wazee waliupenda kwa visu vidogo, lakini kwa panga linalopigwa mchana kutwa pembe huwa laini na yenye utelezi, kisha hupasuka. Mpini wa plastiki wafaa mahali pa maji, kama nilivyoona Mwigobero. Walakini ukikaa juani miaka mingi hukakamaa na kuvunjika, na ukivunjika mwenye nyumba hawezi kujitengenezea mwingine. Kuzungushia mpira wa ndani wa tairi husaidia mkono usiteleze, ila maji hujificha chini yake na kutu hula chuma bila mtu kujua. Anayeuzungushia sharti aufungue mara kwa mara na kutazama. Waya haufai kabisa. Waya haukazi mpini uliolegea, huficha tu kwamba umelegea, na ncha yake hukata kiganja.

"Nao mti?" nikauliza.

"Mti ndio mama," akasema fundi. "Lakini si kila mti."

Akanieleza. Mti wa mpini sharti uwe mgumu bila kuwa mkavu wa kuvunjika kama bisi. Upokee pigo na kulimeza kidogo lisifike lote mkononi. Kwetu mkole wafaa sana, na mlama wafaa, na hata mpera wa uani kwako, ambao watu huudharau kwa sababu wanaujua kwa matunda tu. Mkaratusi hunyooka vizuri, lakini mara nyingi hupasuka ukikauka, hasa mahali penye tundu la msumari. Mnyaa usiuguse kwa kazi hii: ni mwororo, tena utomvu wake ukiruka machoni ni hatari kubwa.

Kisha tazama nyuzi za mti. Zinapaswa kwenda sambamba na mpini tangu mwanzo mpaka mwisho. Nyuzi zikikatisha kwenda ubavuni, hapo ndipo mpini utakapopasukia. Penye kifundo pasiwe mahali pa tundu. Na juu ya yote, mti uwe umekauka. Tawi likatwe, liondolewe gome, likae kivulini miezi kadhaa, wala si juani, maana juani hukauka nje haraka kuliko ndani likafanya nyufa. Hili ndilo lililomwumiza mtoto wa dada yangu. Mti mbichi unasinyaa, msumari hausinyai, kwa hiyo tundu hulegea. Mti haukumsaliti kijana, ulifanya kama ilivyo desturi ya miti.

Fundi akang'oa mpini wa sokoni. Akachagua vipande viwili vya mkole mkavu, akavichonga, akavitoboa sawasawa na matundu ya chuma, akavikaza kwa ribiti tatu, yaani misumari iliyofuliwa kichwa pande zote mbili. Msumari wa kawaida uliopindwa ncha si ribiti, alisisitiza, utapinduka tu. Vichwa vya ribiti akavipiga vikalingana na mti, visije vikachubua kiganja. Umbo la mpini hakulifanya mviringo kama mwichi, bali la yai. Nikamwuliza sababu. "Mpini wa mviringo huzunguka mkononi bila wewe kujua," akasema. "Huu wa yai, hata usiku wa giza, vidole vyako vyajua makali yako upande gani." Kwa nyuma akauacha unene kidogo na kuupinda kama ule wa mama wa Mwigobero. Mwisho akaupiga msasa, na badala ya vanishi akausugua kwa mafuta ya ng'ombe yaliyopashwa moto. Mafuta huingia ndani ya mti, hayakai juu yake.

Aliponirudishia nililipima tena kwa kidole. Mpini mpya ulikuwa mzito kidogo kuliko ule wa kwanza, na moyo wa uzito umerudi nyuma nusu kidole. Mkononi panga lilionekana jepesi zaidi, ingawa kwa mizani lilikuwa limeongezeka.

Kutoka Bunda nikapanda gari mpaka Makutano, kisha nikashika barabara ya Butiama. Ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikorudi kukaa na kulima baada ya kuacha urais mwaka 1985. Watu wa huko hawangoji kufundishwa heshima ya kazi ya mikono.

Nilikuta nyumbani kwa dada pana watu, pamoja na mdogo wa marehemu, shemeji yake. Huyu alilichukua panga, akalirusha-rusha, akacheka. "Shemeji, kaka yako amekuletea panga la mtoto. Hili litakata nini?"

Dada hakujibu. Alilitwaa, akanyosha mkono mbele, panga limelala hewani, akahesabu polepole mpaka 30. Kifundo chake hakikutetemeka. Kisha akamwomba shemeji yake ampe panga lake la kila siku, akalinyosha vivyo hivyo. Alipofika 12 ncha ilianza kuinama. Akalirudisha kwa adabu. "Shemeji," akasema, "hili lako ni zuri, nawe lina mkono wake. Langu ni hili."

Tukaenda kwenye shamba lililobaki nusu. Dada akafyeka tangu jua la saa mbili mpaka saa nne, akapumzika mara moja tu. Nyasi ililala kama imekatwa kwa mundu. Kwenye ua wa minyaa alisimama mbali, akakata matawi kwa urefu wa mkono na bapa, asije akapigwa na utomvu. Lakini alipofika kwenye kisiki cha mgunga, unene wa mguu, panga jepesi lilikwama mara mbili. Shemeji yake akatabasamu, naye alikuwa na haki. Akaingia yeye na panga lake zito. Mapigo sita, kisiki kikalala. Hapo wote wawili wakacheka, na ubishi ukaisha bila mtu kushindwa.

Lile panga la marehemu hatukulitupa. Chuma chake ni kizima, kosa lilikuwa mpini na mkono. Fundi wa Bunda alikuwa amenipa vipande viwili vikavu vya mlama kwa ajili yake, na kijana, mguu umekwisha pona, akavichonga mwenyewe mbele yangu, kwa ribiti wala si kwa misumari. Linatumika kwa kuni tu, na amri ya mama yake ni kwamba halishikwi mpaka yeye mwenyewe amelitikisa kwanza na kusikia kwamba halichezi. Juu ya dari ya jiko, penye moshi kidogo na kivuli kingi, kijana ameweka matawi matatu ya mpera yakauke polepole.

Basi, ndugu wasomaji, niseme kwa ufupi yanayofaa kukumbukwa siku ya soko.

Kwanza, aende dukani yule atakayelitumia panga, au kipimo cha mkono wake kiende. Alinyoshe mbele na kuhesabu mpaka 30. Akitetemeka, panga hilo si lake, hata likiwa zuri namna gani.

Pili, aushike mpini na kutazama vidole. Ncha za vidole zikaribie mzizi wa kidole gumba bila kuchoma kiganja. Mpini mnene mno huchosha mkono mdogo, na mwembamba mno huzunguka katika mkono mkubwa.

Tatu, atikise panga karibu na sikio. Likilia hata kidogo, mpini umelegea tangu dukani.

Nne, anunue na tupa. Panga butu ndilo zito kuliko yote, maana mtu huongeza nguvu kufidia makali yasiyokuwapo, na nguvu ile ndiyo hulipeleka mahali pasipotakiwa.

Tano, nyumba yenye uwezo iwe na mapanga mawili, jepesi la nyasi na zito la kuni, kuliko moja la katikati linalomchosha kila mtu.

Tena tulitunze. Panga lisilale nyasini wala chini ya kitanda cha watoto. Liwe na mahali pake palipoinuka. Ukimpa mtu panga, mpe mpini, nawe ushike mgongo wa bapa. Ndugu zetu wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wajihadhari pia, maana kukutwa ndani ya hifadhi na panga bila ruhusa kwaweza kumfikisha mtu mahakamani. Tena sote twajua kwamba katika mkoa wetu panga limepata jina baya kwa sababu ya ugomvi na visasi. Mpini mzuri hauwezi kuponya moyo wenye hasira. Lakini mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba panga lina mwenyewe, lina kazi yake, na hutazamwa kabla ya kushikwa, amekwisha fundishwa kwamba si kitu cha kuchezea wala cha kutishia watu.

Msilinunue kwa macho. Waiteni akina mama na vijana, wekeni panga mikononi mwao, kisha ngojeni waseme.